Neno Ndani ya Ngurumo: Tahakiki ya Albamu ya Human (1991) ya Bendi ya Death

Muziki wa dethi metali umepata bahati mbaya mara mbili. Wahakiki wengi wa fasihi huuona kuwa makelele, na wale wachache wanaousikiliza kwa makini mara nyingi huusifu kwa jambo lisilo la kisanaa, yaani kasi ya vidole na miguu ya wapigaji. Albamu ya Human, iliyotolewa na bendi ya Kimarekani ya Death mnamo Oktoba 1991, inawapinga wote wawili. Ina nyimbo nane, na urefu wake wote ni takriban dakika 34.

Chuck Schuldiner, mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi hiyo, alikuwa tayari ametoa albamu tatu: Scream Bloody Gore (1987), Leprosy (1988) na Spiritual Healing (1990). Ya kwanza ilijaa damu na maiti, ya tatu ikageukia maovu ya jamii. Mwaka 1990 wenzake walikwenda kufanya ziara Ulaya bila yeye. Baada ya hapo alikusanya kikosi kipya: Paul Masvidal kwenye gitaa na Sean Reinert kwenye dramu, wote wawili wa bendi ya Cynic na wenye umri wa miaka 20 hivi, pamoja na Steve Di Giorgio kwenye gitaa la besi. Albamu ilirekodiwa katika studio za Morrisound, Tampa, Florida, chini ya mtayarishaji Scott Burns. Wapenzi wa bendi husoma karibu kila mshororo wa Human kama malalamiko ya mtu aliyesalitiwa. Usomaji huo ni finyu. Wimbo wa "Together as One" unahusu mapacha walioungana, "See Through Dreams" unahusu upofu, na "Suicide Machine" unahusu mgonjwa anayenyimwa haki ya kuamua kifo chake. Mtu anayelia usaliti tu hawezi kuitazama miili ya wengine kwa udadisi wa namna hiyo.

Ubora wa kwanza wa albamu hii ni dramu. "Flattening of Emotions" hufunguliwa na ngoma zinazosikika kana kwamba zinakuja kutoka mbali, zikikua kabla gitaa halijaingia. Baada ya hapo miguu ya Reinert hutandika mapigo mazito yasiyokatika, huku mikono yake ikisema sentensi nyingine kabisa kwenye matoazi. Kwa msomaji wa ushairi wa Kiswahili jambo hili si geni. Mshairi stadi wa utenzi havunji mizani nane za kipande. Anachofanya ni kutunga mishororo mishata, ili maana ivuke mwisho wa kipande na kutua mahali ambapo sikio halikutarajia. Mizani hubaki salama, lakini pumzi ya msemaji huwa imehama. Reinert hufanya hivyo hivyo: pigo la msingi halipotei, ila vituo vya sentensi yake havigongani na vituo vya gitaa. Wale wanaohesabu mapigo yake kwa sekunde wanahesabu mizani na kuuacha utungo.

Suala gumu zaidi ni sauti ya mwimbaji. Katika uimbaji wa kunguruma, nyuzi sauti bandia, zilizo juu ya nyuzi sauti halisi, hushiriki katika kutoa sauti. Kiimbo hufifia na tofauti baina ya irabu hupungua. Kinachosalia ni konsonanti, hasa vipasuo na vikwamizo, pamoja na mkazo na wakati. Kiingereza, ambacho mdundo wake hutegemea silabi zenye mkazo na maneno mengi hufungwa kwa konsonanti, hustahimili hasara hiyo kwa kiasi. Schuldiner analijua hilo. Huziweka silabi zenye mkazo juu ya pigo zito, na ndiyo sababu maneno yake hushikika kuliko ya waimbaji wengi wa aina hii. (Kiswahili kingeteseka zaidi. Lugha ambayo irabu moja hutenganisha "anapenda" na "unapenda" isingekabidhi sarufi yake kwa ngurumo bila kulipa gharama kubwa.) Kwa hiyo madai kwamba muziki huu hauna maneno hayana msingi. Una maneno yaliyopokonywa irabu, na mpangilio wa ala hubeba sehemu ya kazi ambayo irabu zingeifanya.

"Lack of Comprehension" huonyesha hilo vizuri. Wimbo unawahusu wanaoulaumu muziki kwa maovu ya vijana. Huanza kwa gitaa safi, tulivu, lisilokwaruza, kisha utulivu huo hukatwa ghafla. Msikilizaji aliyeupenda mwanzo na kukerwa na kinachofuata amejikuta, bila kuulizwa, upande wa washtakiwa. Haya ni matumizi ya kejeli ambayo maandishi pekee yasingeweza kuyafanya. Kwa upande mwingine, maneno ya "Secret Face" yanategemea dhana kuliko taswira, na hapo gitaa hulazimika kumwokoa mtunzi. Si ajabu kwamba "Cosmic Sea", wimbo wa saba usio na neno hata moja, umekaa bila upungufu katikati ya nyimbo zenye maneno.

Kasoro kubwa ya albamu ni besi. Katika mchanganyiko wa sauti wa 1991, kazi ya Di Giorgio imezikwa chini ya magitaa kiasi kwamba msikilizaji huihisi zaidi ya kuisikia. Mwaka 2011 albamu ilitolewa upya, sauti zikiwa zimechanganywa tena na Jim Morris, na besi ikajitokeza. Lakini Schuldiner alikuwa amefariki Desemba 2001. Hapa mhakiki wa fasihi ana la kusema kuliko mpenzi wa muziki, kwa sababu tatizo hili analijua. Mashairi ya Muyaka yalikusanywa na kuchapishwa baada ya kifo chake, na kila msomaji wake anasoma pia maamuzi ya wakusanyaji na wahariri. Toleo la 2011 ni uhariri wa namna hiyo: limeirudisha sauti iliyokuwepo, lakini uwiano wake mpya haukupata idhini ya mtunzi. Anayemjadili Di Giorgio hana budi kulitumia. Anayeijadili albamu iliyobadilisha mkondo wa dethi metali katika miaka ya 1990 anapaswa kurudi kwenye toleo la 1991, pamoja na besi yake isiyosikika, kwa kuwa ndilo wapigaji wa wakati huo walilolisikia na kuliiga. Maandishi mengi yanayoisifu Human hayataji ni toleo gani linalosifiwa.