Salfa ya Mkorosho, Salfa ya Difu

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa hakuna haja ya kumweleza mtu salfa ni nini. Mikorosho ikianza kuchanua katikati ya mwaka, mkulima hudamka kuipulizia unga ule wa manjano kabla ugonjwa wa ubwiriunga haujamaliza maua. Anajua kwamba asipopuliza hatavuna, na akichelewa amepoteza fedha. Anajua pia kwamba salfa ikirundikana mwaka baada ya mwaka huacha tindikali ardhini. Korosho hizo zikishavunwa na kujazwa magunia, husafiri kwenda ghalani zikitegemea salfa nyingine ambayo haionekani, iliyomo ndani ya oili ya difu ya nyuma ya gari. Elimu ambayo mkulima anaitumia shambani ndiyo anayoihitaji fundi aliyelala chini ya gari njia panda ya Nanganga: kujua kinga ipi inafaa, wapi, na kwa kiasi gani. Nasema hivi kwa sababu mazoea ya gereji na maduka yametufundisha kwamba oili bora ya difu ni ile nzito kuliko zote au yenye namba kubwa kuliko zote. Si kweli. Oili bora ni ile inayolingana na chuma, mzigo na mahali, na kuuona ulinganifu huo ni ufundi unaostahili sifa.

Tuanze na kazi ya difu yenyewe. Gari litokalo Lindi kwenda Ruangwa huiacha barabara ya Masasi hapo Nanganga. Likikata kona, tairi la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Kama matairi ya nyuma yameachana mita moja na nusu na kona ni ya pembe mraba, tairi la nje litatembea mita mbili na theluthi zaidi ya mwenzake, kona iwe fupi au pana. Yangefungwa kwenye ekseli moja isiyogawanyika, moja lingeburuzwa. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alilitatua jambo hilo mwaka 1827, katika gari la mvuke, kwa gia zinazoliacha kila tairi lizunguke kwa kasi yake huku yote mawili yakisukumwa. Lakini difu ina kazi nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni kuupokea mzunguko wa propela, mhimili unaotoka kwenye gia boksi, na kuugeuza kuelekea matairini. Hapo pinioni, gia ndogo, huisukuma kroni, gia kubwa. Zamani pinioni ilikaa sawasawa na kitovu cha kroni, na meno kwa sehemu kubwa yalibingirishana. Mnamo 1926 kampuni ya Packard ya Marekani ilianza kutumia gia za kampuni ya Gleason, ambazo pinioni yake imeshushwa chini ya kitovu hicho. Propela ikashuka, sakafu ya gari ikashuka, meno yakawa imara zaidi na mlio ukapungua. Faida hiyo ililipiwa kwa jambo moja: meno sasa huburuzana kwa urefu wake chini ya shinikizo kubwa. Difu za namna hiyo ndizo zilizomo ndani ya Hiace, Hilux na Canter zinazobeba watu na mazao yetu leo.

Hapo ndipo oili ya kawaida inaposhindwa. Kazi ya oili ni kukaa kati ya chuma na chuma kama utando. Meno ya kroni na pinioni yakibanana na kuburuzana, utando hukamuliwa na nyuso za chuma hugusana. Joto la mguso huo laweza kuviunganisha vyuma viwili kufumba na kufumbua, kisha mzunguko ukavibandua, na kila mbanduko huacha kovu kwenye jino. Kwa hiyo oili ya difu hutiwa viambato vyenye salfa na fosforasi. Viambato hivyo hutulia ndani ya oili mpaka vikutane na joto la mguso, kisha huungana na uso wa chuma na kujenga ngozi nyembamba, laini kuliko chuma chenyewe, inayokubali kukwanguliwa ili jino lisikwanguliwe. Ikiondoka, nyingine hujengwa. Ile harufu kali inayomfanya mnunuzi adhani oili imeoza ni harufu ya kinga hiyo. Shambani salfa huwahi kwenye ua kabla ya ugonjwa. Ndani ya difu huwahi kwenye jino kabla ya kovu.

Mtu anaweza kuuliza: kama salfa ndiyo kinga, kwa nini tusitumie iliyo nyingi kila mahali? Makopo hubeba alama za GL-4 na GL-5, zilizowekwa na Taasisi ya Petroli ya Marekani, API. GL-5 ina viambato hivyo kwa wingi zaidi, na ndiyo inayotakiwa na difu tulizozitaja. Wapo wanaoona tano imezidi nne, wakaimimina hiyohiyo kwenye gia boksi ya mkono. Lakini ndani ya gia boksi nyingi mna pete za shaba zinazolinganisha kasi ya gia ili ziingie bila kugonga. Pete hizo hufanya kazi kwa msuguano. Oili inayoteleza mno huzinyima msuguano huo, na baadhi ya viambato vya salfa huila shaba polepole, hasa joto likipanda. Namba hizi si madaraja ya ufaulu, ni majina ya kazi. Vivyo hivyo kwa difu zenye sahani za msuguano zinazozuia tairi moja lisizunguke bure kwenye tope: zinataka oili yenye kiambato chake maalumu, na zikikikosa hutetemeka na kunguruma kwenye kona. Kinga iliyotiwa mahali pasipo pake yenyewe huwa ugonjwa, kama salfa ya mkorosho iliyorundikana udongoni.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi kwa sababu limebeba ukweli kidogo: nchi yetu ina joto, magari yetu yanazidishiwa mzigo, basi tutie oili nzito. Tuzisome namba. Kwenye 80W-90, herufi W inahusu baridi. Oili ya 80W hupimwa kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na ya 75W kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Ruangwa haina. Anayelipia zaidi kwa ajili ya 75 peke yake, pasipo kitabu cha gari lake kuitaka, ananunua koti la theluji. Namba inayotuhusu ni ya pili, inayopimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 100. Nayo isilinganishwe na namba za oili ya injini, kwa kuwa vipimo ni tofauti: 90 ya gia ina uzito unaokaribiana na 40 au 50 ya injini. Ni kweli kwamba lori linalopanda vilima likiwa limejaa laweza kuhitaji 140, na vitabu vya malori kadhaa huruhusu hivyo. Lakini 140 ndani ya difu ya Hiace iliyoundwa kwa 90 huvurugwa kama ugali, ikala nguvu na dizeli, ikazidisha joto lilelile tuliloogopa, na asubuhi ikachelewa kuzifikia beringi za pinioni. Uzito hauwezi kufanya kazi ya salfa, wala oili nzito haiponyi difu inayolia. Huifunika sauti tu, na sauti ndiyo shahidi wa fundi.

Mahali napo pana sharti lake. Mvua za kusini hunyesha tangu Desemba hivi hadi Aprili, na barabara nyingi za kuingia vijijini ni za udongo. Difu iliyopata moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia kipumulio au sili iliyochoka. Oili huwa kama maziwa, na oili ya namna hiyo hailindi tena, hata kama kopo lake liliandikwa GL-5. Kwa hiyo fundi stadi hachagui kopo kabla ya kuisoma oili inayotoka. Hufungua kwanza nati ya kujazia, asije akamwaga oili akakosa pa kurudishia. Huangalia rangi, hunusa, husugua tone kati ya vidole. Masizi laini ya kijivu ni uzee wa kawaida. Vipande vya chuma ni habari nyingine. Hukagua kipumulio, maana kikiziba, shinikizo hupasua njia kwenye sili na oili hufika hadi kwenye breki. Kisha hujaza mpaka oili iguse ukingo wa tundu, bila kuzidisha.

Wengine watasema magari ya babu zetu yalikwenda na oili yoyote na yakafika. Mengi yake yalikuwa na meno ya kubingirika, yaliyodai kidogo. Wengine watataja bei, na hofu ya oili bandia. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni kununua kopo lenye lakiri isiyoguswa kwa muuzaji anayejulikana. Lakini difu ya Hiace au pikapu hula lita mbili hadi tatu tu, nazo hudumu makumi ya maelfu ya kilomita, wakati oili ya injini imebadilishwa mara nyingi. Fedha hiyo si kitu mbele ya bei ya kroni na pinioni, na siku za mavuno zinazopotea gari likiwa juu ya jeki.

Nachingwea inalo somo la kale juu ya kuchagua bila kusoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga hapo, Kongwa na Urambo. Ikaleta mashine, hata matrekta yaliyogeuzwa kutoka vifaru vya vita, ikajenga na reli. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, kwa kuwa mashine zilichaguliwa kabla ya udongo na mvua kusomwa. Reli nayo ikafungwa miaka ya mwanzo ya 1960, na mazao yakabaki juu ya malori. Tangu hapo kila gunia la korosho na ufuta linalotoka huko limepita juu ya difu ya mtu. Basi dereva, kabla ya msimu mwingine, fungua kitabu cha gari lako au muulize fundi anayekisoma, na umlipe kwa elimu yake kama unavyomlipa kwa spana yake.