Mwili, Jina na Sauti: Uhakiki wa Unyota wa Bruce U katika Filamu ya Who Killed Captain Alex? (2010)

4.1 Utangulizi

Sura iliyotangulia ilijadili mapokezi ya filamu za mapigano za Hong Kong katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki. Sura hii inahakiki tukio lililofuata mapokezi hayo: mtazamaji aliyejifunza kupigana akageuka kuwa mtazamwa. Mhusika wetu ni Charles Bukenya, mwalimu wa kung-fu wa Wakaliga, jijini Kampala, anayejulikana kwa jina la Bruce U. Matini ya msingi ni filamu ya Who Killed Captain Alex?, iliyoongozwa na Isaac Nabwana na kutolewa mwaka 2010 na kundi ambalo leo hujulikana kama Wakaliwood.

Swali linaloongoza uhakiki ni hili: je, nyota anayejenga jina lake juu ya jina la mwingine ni kivuli tu, au ana usanii wake mwenyewe? Wahakiki wengi wa filamu hii wameliepuka swali hili kwa kucheka. Sura hii inadai kwamba unyota wa Bruce U umejengwa na nguzo tatu, yaani jina, mwili na sauti ya msimulizi, na kwamba nguzo hizo hazivutani upande mmoja. Thamani ya kazi yake imo katika mvutano huo.

Uhakiki huu unafanywa kutoka Ilemela, upande wa kusini wa ziwa lilelile ambalo Kampala imelipakana upande wa kaskazini. Nafasi hiyo si pambo. Mtazamaji wa Kirumba au Pasiansi aliyezoea kibanda umiza, ambamo mfasiri husimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili, anaingia katika filamu ya Nabwana kupitia mlango ambao mtazamaji wa Ulaya hana. Anachokiona mgeni kuwa kioja, yeye anakiona kuwa desturi.

4.2 Jina

Bruce Lee alifariki Julai 1973, majuma machache kabla ya Enter the Dragon kuonyeshwa Marekani. Watayarishaji wa Hong Kong na Taiwani walijaza pengo hilo kwa waigaji. Ho Chung-tao aliitwa Bruce Li. Wengine walijulikana kama Bruce Le na Dragon Lee. Majina hayo yaliundwa ili kumchanganya mnunuzi wa tiketi. Tofauti ya herufi moja au mbili ilikusudiwa isionekane.

Jina la Bruce U linafanya kazi kinyume. Herufi U, inayosomeka kirahisi kama kifupi cha Uganda, haikuwekwa ili ifanane na Lee. Inatangaza tofauti palepale inapotangaza deni. Hakuna mtazamaji anayeweza kudanganyika kwamba anamwona marehemu. Anaambiwa waziwazi kwamba jambo lililoanzia kwingine sasa lina mwenyeji wake hapa. Kwa hiyo, kumweka Bukenya katika kundi moja na waigaji wa miaka ya 1970 ni kosa la uainishaji. Wale waliuza ufanano, naye anauza umbali uliopo kati ya jina na mahali.

4.3 Mwili

Dyer (1979) anatufundisha kumsoma nyota kama matini inayoundwa na picha, habari na maisha yanayojulikana kwa umma. Kwa nyota wa mapigano, matini hiyo ina sharti la ziada: hadhira hudai uthibitisho kwamba mwili unaweza kweli kufanya kinachoonyeshwa. Bruce Lee alilitimiza sharti hilo kwa kuwa mwalimu kabla ya kuwa nyota. Alifundisha kung-fu Seattle na Oakland, kisha akaigiza Kato, dereva na msaidizi wa shujaa, katika tamthilia ya televisheni ya The Green Hornet (1966–1967). Ilimbidi avuke bahari na kurudi Hong Kong ili mwili wake upewe nafasi ya mhusika mkuu katika The Big Boss (1971).

Bukenya naye alitangulia kuwa mwalimu. Tofauti ni kwamba hakuhama. Unyota wake ulizaliwa mtaani kwake, mbele ya majirani wanaomjua, katika filamu ambayo gharama yake hutajwa kuwa chini ya dola 200. Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, alihariri kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe. Bunduki zilichongwa kwa vyuma chakavu na fundi Dauda Bisaso, huku miali ya risasi na helikopta inayoishambulia Kampala vikitengenezwa kwa kompyuta.

Katika mazingira hayo mwili wa mpiganaji unapata uzito wa pekee. Bunduki si bunduki, helikopta si helikopta, na damu ni maji yenye rangi. Lakini teke ni teke. Mguu unaopaa umefanyiwa mazoezi kweli, na anayeanguka ameanguka kweli. Katika ulimwengu wa filamu hii ambamo karibu kila kitu ni cha kuigiza, ustadi wa Bukenya ndio kitu kisichohitaji msamaha wa hadhira. Hii ndiyo hoja kuu dhidi ya wanaomwona kuwa kichekesho: wanauhukumu mwili kwa umaskini wa vifaa vinavyouzunguka.

Hata hivyo, uhariri haumtendei haki sikuzote. Mikato ya haraka hulivunja pigo kabla halijakamilika, na pale mtazamaji anapotaka kuona mwendo mzima kutoka mguu wa nyuma hadi shabaha, picha imekwisha kubadilika. Bruce Lee alinufaika na kamera iliyotulia ikamwacha amalize. Bukenya hakuipata fursa hiyo kwa kiwango kinachostahili ustadi wake.

4.4 Sauti

Filamu inayofahamika leo inaambatana na usimulizi wa VJ Emmie, anayetangaza, anayesifu na anayetania juu ya matukio. Nakala ya awali isiyo na usimulizi huo haipo tena. Jambo hili lina uzito wa kinadharia: hatuwezi kumtenga nyota na mtambaji wake hata tukitaka.

Krings, akiandika kuhusu wafasiri wa filamu wa Tanzania kama Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ametumia sitiari ya kugeuza wali kuwa pilau. Msimulizi hapakui tu alichopewa, anatia viungo. Kwa Nabwana desturi hiyo ni ya kale kuliko kamera yake, kwani utotoni alizijua filamu kwa kusimuliwa na ndugu zake kabla ya kuziona. Sinema ilimfikia kwanza kama hadithi, fanani na hadhira wakiwa ana kwa ana.

Sauti hiyo inampandisha Bruce U, ikimtangaza kama mtangazaji wa mpira anavyomtangaza mshambuliaji. Wakati huohuo inampokonya ukimya ambao mpiganaji huuhitaji kabla ya pigo. Anapotulia kwa umakini, msimulizi anajaza utulivu kwa mzaha. Nyota anagawana sifa na sauti isiyoonekana, na mara nyingine sauti ndiyo inayoshinda.

Usukumani, mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu yanatupatia kipimo cha kuelewa hali hii. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayeuvuta umati upande wake. Wachezaji hufanya vituko na mizaha, wengine hucheza na nyoka, na hakuna anayesema kwamba kicheko cha watu kimepunguza ustadi wa mcheza. Kicheko ni sehemu ya hukumu. Kwa kipimo hiki, mzaha wa VJ ni jukwaa analochezea Bruce U.

4.5 Ngumi na bunduki

Katika kisa, Bruce U ni ndugu wa Kapteni Alex, mtawa wa Shaolin wa Uganda anayemtafuta muuaji. Fist of Fury (1972) ilijengwa juu ya kisasi kama hicho, ambapo mwanafunzi anatafuta waliomuua mwalimu wake na kuwapata. Filamu ya Nabwana inauvunja mkataba huo. Swali la anwani halijibiwi kamwe, na pambano la mwisho ni la jeshi na genge la Tiger Mafia. Bunduki ndizo zinazolifunga.

Msomaji anaweza kuuona huu kuwa udhaifu wa msuko, na kwa sehemu ni udhaifu. Lakini matokeo yake kwa mhusika ni makubwa. Mpiganaji mwenye ustadi wa kweli amewekwa katika dunia ambayo ustadi wake hauamui kitu. Kwa jamii inayoikumbuka mitutu ya enzi za Amin na vita vilivyofuata, hali hiyo si ngeni.

4.6 Hitimisho

Sura hii imeonyesha kwamba Bruce U si nakala ya Bruce Lee. Jina lake linatangaza tofauti, mwili wake unabeba ukweli wa filamu, na sauti inayomsimulia inamkuza na kumbana kwa wakati mmoja. Udhaifu uliobainishwa ni wa uhariri na wa msuko, wala si wa mpiganaji.

Ushahidi wa mwisho uko kwa wanafunzi. Katika Crazy World, iliyoonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2019, watoto wa Wakaliga waliotekwa na Tiger Mafia wanajikomboa kwa kung-fu. Kivuli hakiachi wanafunzi. Uhakiki wa filamu za Afrika Mashariki unapaswa kumhesabu Bukenya kwanza kama mwalimu, kisha kama nyota, na kulisoma jina lake la kuazima kama anwani ya mahali alipoamua kubaki.