Chapa Ndogo za Goya

Wanaomsifu Francisco Goya huanza na cheo chake. Alizaliwa Hispania mwaka 1746, na mwaka 1789 akafanywa mchoraji wa baraza la mfalme. Picha yake kubwa ya jamaa ya Mfalme Carlos wa Nne imejaa hariri na nishani. Ni kazi ya fundi, sikatai. Lakini mimi namwona Goya mwenyewe katika chapa zake, ambazo nyingi hazizidi ukubwa wa daftari la mwanafunzi.

Bamba la shaba hupakwa nta, msanii akaikwaruza kwa sindano, kisha tindikali ikala shaba pale palipokwaruzwa. Wino hujazwa humo, na karatasi ikakandamizwa juu yake. Mwalimu wa zamani aliyekata stensili za mitihani ataielewa kazi hiyo mara moja.

Ugonjwa ulimwacha kiziwi mwaka 1793. Mwaka 1799 alitoa chapa 80 za kuwakejeli wakubwa, makasisi na ujinga wa watu, akaziondoa sokoni upesi. Kisha majeshi ya Napoleon yakaingia nchini, naye tangu mwaka 1810 akachora vita. Katika chapa moja watu wanakimbia, na mama anamvuta mtoto aliyebaki nyuma. Chini ameandika kwa Kihispania: Niliona haya. Hamna bendera wala jemadari. Mkono wa yule mama umesema yote. Turubai yake ya mwaka 1814, ya watu wanaopigwa risasi Madrid, ni mashuhuri zaidi, lakini humo mna shujaa mwenye shati jeupe, na taa imewekwa immulike. Maiti wa kwenye chapa hawakupewa taa.

Wako wanaomlaumu kwamba alimtumikia Joseph Bonaparte, na Fernando wa Saba aliporudi akaendelea kupokea mshahara. Chapa za vita zilitolewa mwaka 1863, miaka 35 baada ya kifo chake. Lawama hiyo ina uzito, wala sitauita ukimya wake ushujaa: waliostahili kuziona walikwisha kufa. Ila sisi tuliokula mshahara wa serikali maisha yetu yote tusiwe wepesi wa kuokota mawe. Mabamba hakuyavunja. Alipohamia Ufaransa mwaka 1824 yalibaki Madrid, naye huko Bordeaux, mwenye umri wa miaka 79, akawa anachora fahali juu ya mawe ya kuchapia.