Aya ya Vita katika Wasifu wa Babu

Wanaume watatu wa shaba wamesimama katikati ya Barabara ya Kenyatta, Nairobi, tangu 1928: askari wawili na mpagazi mmoja. Wanawakumbuka Waafrika waliotumika katika vita vya 1914 hadi 1918. Maneno yaliyo chini ya miguu yao yalitungwa na mwandishi Rudyard Kipling, nayo yanastahili kusomwa polepole, hasa na mjukuu yeyote aliyezika babu askari.

Mpangilio wake ni huu. Kwanza yanatajwa makundi: askari, kisha wapagazi, wanaofananishwa na miguu na mikono ya jeshi, kisha wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme. Mpaka hapo habari ni za watu ambao hawapo, na wakati ni uliopita. Mara nafsi inageuka. Wao wanaachwa, na anayesemeshwa sasa ni wewe: unaahidiwa kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Huyo wewe ni nani? Hawezi kuwa marehemu, maana aliyekwisha kufa haambiwi habari ya kufa kwake kana kwamba bado haijatokea. Ni kijana aliye hai, anayepita barabarani na nguvu zake. Maandishi yaliyoanza kama kumbukumbu yanamalizikia kwenye mwito wa kuandikishwa jeshini. Miaka 11 tu baada ya shaba ile kusimamishwa vita vikazuka tena, na kijana wa namna hiyo akaitwa kweli.

Mkononi mwa Kipling ahadi ile ni nzuri masikioni, lakini izunguke nguzo utafute jina. Hakuna hata moja. Kazi ya kukumbuka wameachiwa watoto, nalo jiwe limejitoa. Wala hii si bahati mbaya ya mnara mmoja. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, baada ya vita vile vya kwanza.

Basi tuwatazame hao watoto na wajukuu: wameitimiza vipi kazi waliyoachiwa? Umbo wanalotumia ni wasifu, yaani historia fupi ya marehemu, ile inayosomwa jeneza likiwa mbele ya waombolezaji. Nalipenda umbo hili. Huanza na kuzaliwa, likapita elimu, kazi na ndoa, likakaa muda mrefu kwenye ugonjwa, hospitali kwa hospitali, kisha likafunga kwa kuwataja walioachwa. Hapo mwishoni majina humiminika, na kila mtoto anayetajwa hujua kwamba ameonekana. Kwa upande wa majina, familia imelishinda jiwe la Nairobi kwa mbali.

Udhaifu uko kwenye aya ya vita. Katika wasifu wa babu yangu aya hiyo ilikuwa sentensi moja: alishiriki katika Vita vya Pili vya Dunia nchini Burma na kurejea salama. Kushiriki ni kitenzi cha semina. Aliyekaa kitini akasikiliza ameshiriki, na aliyelala kwenye matope wiki nzima ameshiriki pia. Nalo neno salama linaufunga mlango kabla hatujachungulia ndani. Kisha sentensi iko katika nafsi ya tatu umoja, kana kwamba babu alikwenda Burma peke yake.

Yeye mwenyewe hakusimulia hivyo. Alianzia kwenye mvua, kila mara mvua. Divisheni yake, ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa kichwa cha kifaru begani, iliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya huko, na malaria ilikuwa adui sawa na Mjapani. Babu alitueleza jinsi buti zilivyooza miguuni. Kutoka hapo aliruka moja kwa moja hadi Mto Chindwin, pale Kalewa, Desemba, daraja likijengwa; halafu akarudi kwenye mvua. Sisi watoto tulimdai mapigano, naye akatupa matope. Leo nauona mruko ule kuwa ndio muundo wenyewe wa simulizi. Kati ya mvua na mto kulikuwa na mambo aliyoamua yasisikike kwa watoto, na aliyazunguka kwa kurudia yale yanayosikika.

Tena alisema sisi. Tulivuka, tulibeba, tuliwazika. Sikumsikia akisema nilivuka. Fahari yake, na alikuwa na fahari kubwa, ilikaa katika kiambishi hicho. Wapo watakaoniambia kwamba fahari ya askari wa mkoloni ni jambo la kuonea haya, na wana hoja nzito: mwisho wa vita malipo yalipangwa kwa rangi ya ngozi, na Mwafrika akapata kidogo kuliko wote. Babu alilijua hilo na lilimuuma. Lakini sikiliza sarufi yake. Kipling anamtaja mfalme; katika simulizi za babu mfalme hakuwamo kamwe. Walikuwamo wenzake. Anayemnyang'anya fahari hiyo kwa kudhani anamkomboa kutoka kwa mfalme anamnyang'anya wenzake.

Ndiyo maana wasifu unaomnyoosha babu unanisikitisha, hata ukiandikwa kwa upendo mwingi. Tarehe zinapangwa, mruko unazibwa, sisi inakuwa yeye. Mnara ulimpa askari mwili wa shaba ukamnyima jina. Wasifu umempa babu jina, lakini miguu iliyooza kwenye buti haimo.

Aya ile inaweza kuandikwa upya bila kurefushwa sana. Ningefuta kushiriki na salama, nikaandika kwamba mwaka 1944 yeye na wenzake waliteremka bonde la Kabaw kwenye mvua, kwamba waliwazika wengine njiani, na kwamba waliobaki walivuka Chindwin. Ningeongeza namba yake ya jeshi, ambayo hadi uzeeni aliitaja kwa pumzi moja, kwa sababu kwenye daftari za jeshi namba humtofautisha mtu na wengine wenye jina kama lake. Msomaji wa wasifu aitaje yote, tarakimu kwa tarakimu, kisha aendelee na habari za ndoa.