Asali na limau vikikutana kwenye nywele

Jumamosi moja mjini Lushoto nilimkuta binti wa dada yangu jikoni, ameinamia jiko la mkaa, mwiko mkononi. Sufuriani mlikuwa na asali, maji ya malimau mawili na kijiko cha mdalasini wa unga, vyote vinatokota pamoja. Alitaka nywele zake nyeusi zipate rangi ya kahawia bila kwenda saluni, na hiyo ilikuwa mara yake ya nne. "Mama mdogo, mbona hazibadiliki?" aliniuliza, akainamisha kichwa nione. Nywele zilikuwa nyeusi kama kawaida. Kilichobadilika ni ngozi ya nyuma ya shingo. Pale maji ya limau yalipochuruzika palikuwa na michirizi myeusi, kama mtu aliyeunguzwa na chuma cha moto.

Nimeona ni vyema nilijibu swali lake kwa kirefu, maana kila alichotia sufuriani kina tabia yake, na shida ilianza pale alipovikutanisha.

Weusi wa nywele unatokana na melanini, chembe za rangi zilizolala ndani ya unywele, chini ya magamba membamba yaliyopangana kama vigae vya paa. Sabuni haizifikii. Chembe hizo huondoka zikivunjwavunjwa tu, ama na mionzi ya jua, ama na kemikali ya kuoksidisha kama peroksidi ya hidrojeni. Watazame vijana wanaoshinda baharini kule Tanga: jua na maji ya chumvi hugeuza ncha za nywele zao kuwa kahawia, na hawajapaka kitu. Tena nywele nyeusi hazitoki kwenye weusi zikaingia moja kwa moja kwenye dhahabu. Hupita kwanza kwenye kahawia, kisha wekundu wa shaba, kisha rangi ya chungwa, ndipo zije kwenye njano. Saluni hufika huko kwa peroksidi ya asilimia 6 au 9 iliyochanganywa na unga maalumu.

Asali nayo hutengeneza peroksidi hiyohiyo. Nyuki anapoyachakata maji matamu ya maua huyatia kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi. Asali ikiwa nzito, yenye maji yasiyozidi asilimia 20, kimeng'enya hicho hulala. Ukiizimua kwa maji kinaamka, kinaanza kuishughulikia glukosi, na peroksidi inatoka kidogo kidogo. Kwa hiyo asali iliyopakwa nzito kama ilivyo hulainisha nywele, lakini rangi haiigusi. Hata ikizimuliwa vizuri, peroksidi yake ni takribani mara elfu moja pungufu ya ile ya asilimia 3 iuzwayo maduka ya dawa. Kazi ipo, ila ni ndogo na ya polepole.

Sasa turudi kwenye sufuria. Kosa la kwanza ni moto. Lushoto iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, na huko maji huchemka yakikaribia nyuzi 95. Kimeng'enya cha asali huharibika haraka joto likipita nyuzi 60, hivyo kabla sufuria haijaepuliwa kimekwisha kufa.

Kosa la pili ni limau. Kimeng'enya hicho hufanya kazi vizuri pH ikiwa karibu na 6, na maji ya limau yana pH kati ya 2 na 3. Ukali huo unakilemaza. Juu ya hapo, vitamini C ya limau huila peroksidi kabla haijaifikia melanini. Hata asingechemsha, limau lingeimaliza kazi ya asali.

Kosa la tatu ni mdalasini. Unalimwa vizuri Usambara Mashariki, upande wa Amani, na kwenye chai hauna mpinzani. Kichwani, mafuta yake makali huwasha ngozi, na kwa wengine huleta vipele.

Je, limau peke yake? Kivulini halina la maana. Juani nywele hupauka kidogo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya jua lenyewe. Hapa ubaridi wa milimani unadanganya. Kutoka Mombo hadi Lushoto unapanda karibu mita 1,000, na kwa kila mita 1,000 mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Upepo unakupoza, huku jua linaendelea kukuchoma. Malimau, na zaidi ndimu, yana kemikali ziitwazo furanokumarini ambazo mionzi hiyo huziamsha zikiwa juu ya ngozi. Baada ya siku moja au mbili ngozi huwa nyekundu au huota malengelenge, kisha huacha mabaka meusi yanayoweza kukaa miezi. Michirizi ya shingoni kwa binti yetu ilitoka huko.

Wapo pia wanaoongeza magadi. Magadi huyafumua magamba ya unywele na kuuacha mkavu. Nywele zetu za kipilipili tayari ni kavu, kwa sababu mafuta ya kichwani hayashuki kirahisi kwenye mikunjo, kwa hiyo hukatika upesi.

Anayetaka kujaribu, afuate utaratibu huu. Atafute asali mbichi isiyopashwa moto, iliyotunzwa gizani, kwa kuwa mwanga nao huua kimeng'enya. Ile inayoanikwa juani kwenye chupa nyeupe kando ya barabara haifai kwa kazi hii. Kijiko kimoja cha asali kizimuliwe kwa vijiko vinne vya maji safi yasiyo ya moto, kwenye bakuli la kioo au plastiki, kwa maana chuma huivunja peroksidi. Mchanganyiko ukae saa moja. Kisha apake shungi moja tu nyuma ya sikio, avae kofia ya plastiki kwa saa moja, aoshe na alitazame shungi hilo juani. Arudie mara kadhaa kwenye shungi hilohilo kabla ya kugusa kichwa kizima. Aliyetoka kuweka dawa ya kulainisha nywele asijaribu kabisa.

Binti yetu nilimwambia ukweli: kwa nywele nyeusi, asali ikifanya kazi sana italeta wekundu mdogo wa kahawia unaoonekana ukisimama juani. Akitaka zaidi ya hapo, aende kwa msusi aliyesomea kazi hiyo. Limau libaki kwenye kachumbari.