Ufundi wa Saa Tano Usiku

Johnny Carson alikuwa mtamu zaidi pale utani ulipomgomea. Angesimama mbele ya pazia, atoe kichekesho kilichoandikwa mchana na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, na ukumbi mzima ukae kimya. Mchekeshaji wa kawaida angekimbilia kichekesho kinachofuata ili aibu ipite. Carson hakukimbia. Aligonga maikrofoni kwa kidole kana kwamba kosa ni la mitambo, akamtupia jicho Ed McMahon, msaidizi wake wa miaka yote, kisha akawageukia watazamaji kwa uso wa mtu aliyeonewa. Hapo ndipo kicheko kilipolipuka, kikubwa kuliko kile ambacho utani wenyewe ungekileta. Mambo yakizidi kuharibika, bendi ilianza kupiga kipande cha wimbo wa zamani, naye akacheza taratibu palepale aliposimama. Aliendesha The Tonight Show ya NBC kuanzia Oktoba 1962 hadi Mei 1992, na kwa miaka hiyo 30 Wamarekani wengi hawakulala kabla ya kumwona.

Mtindo wenyewe ni wa zamani kuliko Carson. Steve Allen alianza nao kwenye kipindi hichohicho mwaka 1954, na tangu hapo vifaa havijabadilika sana: pazia, bendi, meza ya mwenyeji, kochi la wageni. Mwenyeji anaingia amesimama na kuwacheka wakubwa kwa habari za siku ile, kisha anakaa mezani na kumkaribisha mwigizaji aliyekuja kuinadi filamu yake mpya. Mweleze hivyo mtu asiyewahi kuviona vipindi hivi, atakuuliza mambo haya mawili yanahusiana nini. Rais anapigwa vijembe dakika kumi, halafu anaingia dada mwenye gauni la kumetameta kusimulia jinsi mbwa wake alivyotafuna viatu! Swali lake ni la haki, na jibu lake ndiyo sababu ya insha hii.

Huku kwetu vipindi hivi havina usiku. Kinachorushwa New York saa 5:35 usiku wakati wa majira yao ya joto, Dar es Salaam na Nairobi tayari ni saa 12:35 asubuhi. Wengi wetu tumewajua Jon Stewart, Trevor Noah na Stephen Colbert kwa vipande vya YouTube, tukivitazama kwenye simu huku daladala imekwama kwenye foleni. Kipande kinachosambaa karibu siku zote ni cha siasa, mahojiano tunayaruka. Ndiyo maana hata sifa tunazowapa ni za aina moja tu: jamaa wana ujasiri, wanamsema rais hadharani na hawaguswi.

Ujasiri huo, kwa maoni yangu, umesifiwa kupita kiasi. Mwaka 1988, katika kesi ya jarida la Hustler na mhubiri Jerry Falwell, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtu mashuhuri hawezi kulipwa fidia kwa sababu tu dhihaka imemchoma moyo. Penye ulinzi wa namna hiyo, kumtukana rais ni kazi ambayo hata mlevi wa baa anaiweza. Ninachokisifu mimi ni ufundi, na ufundi wenyewe hasa ni wa masikio.

Siku ya kazi huanza asubuhi. Waandishi wanapitia magazeti na picha za habari za usiku uliopita, kila mmoja anapewa mada, anajifungia kuandika, anarudi na vichekesho vyake. Vingi vinatupwa. Vinavyosalia vinaunganishwa, vinajaribiwa kwenye mazoezi ya alasiri, na vingine vinatupwa tena. Kipindi kinarekodiwa jioni, mara nyingi jua halijazama. Ule mji wenye taa unaoonekana nyuma ya meza ni pambo la ukumbini. Kesho yake wanaanza upya, kwa sababu utani wa habari ni kiporo kisichopashwa moto mara ya pili.

Umbo la kichekesho chao ni dogo na lina sheria kali. Sentensi ya kwanza inatoa habari, kavu, bila mapambo, kama msomaji wa taarifa ya habari angeisoma. Ya pili inaigeuza. Neno linalochekesha lazima liwe la mwisho. Likifuatwa hata na kineno kidogo, watu wanasita kidogo na kicheko kinakatika. Na habari ya sentensi ya kwanza lazima iwe kweli, tena kweli iliyohakikiwa. Desemba 1973 mbunge mmoja wa Wisconsin alikuwa ameonya kwamba huenda karatasi za chooni zikaadimika. Carson akalichukua jambo hilo na kulifanyia mzaha kana kwamba uhaba tayari upo. Kesho yake watu walivamia maduka nchi nzima, rafu zikabaki tupu, na uhaba ambao haukuwapo ukawapo. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 2003, kwenye The Daily Show ya Jon Stewart. Stewart alijifanya msimamizi wa mdahalo. Upande mmoja wa skrini alikuwa George W. Bush gavana wa Texas, kwa picha za kampeni ya mwaka 2000, akipinga majeshi ya Marekani kutumika kujenga mataifa ya watu wengine. Upande wa pili alikuwa George W. Bush rais, ambaye majeshi yake yalikuwa yameshaingia Iraki. Stewart akauliza maswali, akawaachia wabishane. Hakuna aliyeiga sauti ya mtu, hakuna aliyevaa kinyago. Kazi yote ilifanywa na watu waliokaa na kumbukumbu za picha, wakasikiliza hotuba zinazochosha hadi wakaipata sentensi moja inayojibu nyingine kwa umbali wa miaka mitatu. Mtazamaji akicheka hapo anajicheka na mwenyewe, maana naye aliisikia ile ya kwanza na akaisahau.

Trevor Noah, kijana wa Johannesburg, alipokikalia kiti cha Stewart mnamo Septemba 2015, siku zake za mwanzo aliitumia mbinu hiyo kwa namna ambayo Mmarekani asingeiota. Alimweka Donald Trump, wakati huo mgombea tu, bega kwa bega na viongozi wa Afrika kama Yahya Jammeh na Idi Amin, kila mmoja akijisifu kwa kinywa chake mwenyewe. Wamarekani walicheka kwa mshangao. Mzee wa Bukoba aliyeviona vita vya Kagera dhidi ya Amin angecheka pia, ila kwa kukumbuka.

Sasa nirudi kwa yule dada na mbwa wake. Hadithi ya viatu haikumtoka kwa bahati. Kabla ya siku ya kipindi, mtayarishaji alizungumza naye kwa simu, akachagua visa viwili vitatu, akaviandika kwenye kadi, na kadi ziko mezani mbele ya mwenyeji. Mwenyeji anajua kisa kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Kazi yake ni kuuliza kana kwamba hajui, kucheka mahali panapostahili na, kilicho kigumu zaidi, kuitupa kadi pale mgeni anapoteleza na kusema jambo ambalo halikupangwa. Mwenyeji mbovu hurudi kwenye kadi. Mzuri humfuata mgeni alikokwenda.

Septemba 2016 Jimmy Fallon alimkaribisha Trump kwenye The Tonight Show na kumvuruga nywele kwa mkono, wote wawili wakicheka. Alilaumiwa sana kwamba alikosa msimamo. Kwangu kosa lilikuwa la kiufundi: alimpokea mgombea urais kwa ukarimu uleule wa mgeni mwenye mbwa, wala hapakuwa na swali moja lililomlazimisha kufikiri.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 10 Septemba 2015, Colbert alikuwa na siku tatu tu kwenye Late Show ya CBS. Mgeni wake alikuwa Joe Biden, makamu wa rais, na nchi nzima ilitaka kujua kama atagombea urais. Mtoto wa Biden, Beau, alikuwa amefariki mwezi Mei kwa saratani ya ubongo. Colbert hakuanza na uchaguzi. Alianza na msiba. Ikumbukwe kwamba Colbert mwenyewe alifiwa na baba na kaka zake wawili katika ajali ya ndege mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 10. Biden alilijua hilo, na katikati ya mazungumzo akamgeuzia: mama yako, mwenye watoto 11, aliwezaje kuamka kila siku? Kwa dakika kadhaa hapakuwa na mwanasiasa wala mchekeshaji, walikuwa wafiwa wawili wanaopeana pole mbele ya kamera. Swali la urais lilipofika, jibu lilikuwa limeshaonekana: mtu huyu hawezi kusema kwamba moyo wake wote uko tayari. Mwezi uliofuata alitangaza kwamba hagombei.

Jibu la lile swali la haki ni hili. Anayepekua hotuba za rais akiitafuta sentensi inayojikana, na anayemsikiliza mwigizaji akingoja neno lisilo kwenye kadi, wanafanya kazi moja. Carson aliusikia ukimya wa ukumbi na akaujibu. Naye alikuwa kwenye kazi hiyohiyo. Tena nusu ya pili inaihalalisha ya kwanza. Mtu ambaye dakika ishirini baadaye atampa mgeni nafasi aseme, acheke, hata alie, tunamwamini kwamba kejeli zake za mwanzo hazikutoka kwenye chuki. Kijembe cha mtu asiyejua kupokea wageni ni matusi tu.

Ufundi huu una ugonjwa wake, nao ni makofi. Tangu uchaguzi wa 2016 ukumbi umezoea kumpigia makofi mwenyeji kwa sababu amesema wanachokiamini, hata kama hakuna kilichochekesha. Makofi ni ya hiari, mtu huamua kupiga. Kicheko humtoka mtu kabla hajaamua, na ndiyo sababu watawala hukiogopa zaidi. Mwandishi akishaonja makofi huacha kuhangaika na neno la mwisho.

Kwetu mbegu imekwisha kuota. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Redykyulass la Kenya lilimwiga Daniel arap Moi akiwa bado Ikulu. (Mmoja wao, John Kiarie, alichaguliwa mbunge mwaka 2017, kwa hiyo sasa ni zamu yake kuigwa.) Mwaka 2009 Gado, mchora katuni mzaliwa wa Dar es Salaam, aliwageuza wanasiasa wa Kenya kuwa vikaragosi vya mpira kwenye The XYZ Show. Tanzania, kundi la Ze Comedy lilitufundisha kuicheka taarifa ya habari. Waigaji tunao, tena hodari. Ambacho hakijasimama sawasawa ni kile chumba cha nyuma: watu wanaolipwa kusoma, kupekua na kutupa.

Huko Marekani kwenyewe bei ya ujasiri imepanda. Julai 2025 CBS ilitangaza kwamba Late Show ingefikia kikomo Mei 2026, ikataja sababu za fedha. Siku chache kabla, Colbert alikuwa ameyaita hongo malipo ya dola milioni 16 ambayo kampuni mama ya CBS ilikubali kutoa ili kuimaliza kesi ya Trump. Septemba ABC ikamwondoa hewani mwenyeji wake Jimmy Kimmel, akarudi kabla wiki moja haijapita. Lakini tukio linalonifundisha zaidi kuhusu vipindi hivi ni la tarehe 2 Mei 2023, waandishi wa filamu na runinga walipogoma. Tamthilia ziliendelea kuonyeshwa kwa miezi, kwani zilikuwa na akiba. Vipindi vya usiku vilizima siku ileile. Wenyeji walikuwa wazima, meza zipo, bendi zipo, wageni wapo. Hapakuwa na cha kusema.

Kwa hiyo kituo chochote cha Dar es Salaam au Nairobi kinachotaka kipindi cha namna hii kisianze kwa kutafuta sura ya kukaa nyuma ya meza. Kianze kwa kuajiri waandishi sita kwa mshahara wa mwezi, na mmoja wa saba ambaye kazi yake itakuwa kutunza kila hotuba inayorushwa, mwaka baada ya mwaka. Mwenyeji atafutwe mwisho, na achaguliwe yule anayejua kunyamaza mgeni anapoongea.