Nyundo Kabla ya Mfuniko

Kazi ya kuzibua maji machafu katika nyumba ile ya hapa Mpemba, Songwe, ambayo nusu ya mtaa tuliitazama tukiwa tumeegemea uzio, iliharibika kabla nyundo haijagonga kigae cha kwanza, kwa kuwa fundi mkuu alikwisha kuhukumu ilhali hajauliza.

Dalili zilikuwa wazi. Sinki la jikoni likimwagwa, choo cha kukaa kilibubujika. Na maji meusi yalipanda kwenye tundu la bafu, ambalo aghalabu ndilo la kwanza kusaliti siri, kwa sababu liko chini kuliko matundu mengine. Tundu moja likiziba peke yake, lawama ni ya trapu yake au ya bomba lake dogo. Matatu yakiugua pamoja, maradhi yamo katika bomba kuu yanaloshirikiana. Na baada ya kuyaona hayo yote, fundi akaamuru choo king'olewe na sakafu ya bafu ivunjwe!

Chemba ya kwanza ya kukagulia bomba hilo ilikuwa hatua chache kutoka ukutani. Laiti angaliufunua mfuniko, angalipata jawabu bila ya gharama: chemba ikijaa, kizuizi kiko mbele, upande wa karo, ikiwa kavu ilhali nyumba imefurika, kizuizi kiko nyuma, baina yake na nyumba. Chemba zilipofunuliwa hatimaye, vigae vikiwa vimekwisha kuwa kifusi, ya kwanza ilikutwa imejaa pomoni na ya pili kavu, maana yake mizizi ya mparachichi iliyopenya kwenye kiungo ilikuwa katikati ya hizo mbili, na bafu halikuhusika hata kidogo. Kuzibua kwenyewe, na kulaza upya bomba la inchi nne kwa mwinamo wa moja kwa arobaini, kulifanywa vyema.

Mwenye nyumba naye ana sehemu yake, kwani mfuniko aliufukia chini ya matofali ya uani kwa ajili ya uzuri, kasoro ninayoipigia kelele hata nimeitwa mtu wa inda, na ambayo imezidi tangu Songwe ilipokuwa mkoa mwaka 2016 na viwanja vikasongamana. Wajenzi wa mji wa kale wa Gede, pwani ya Kenya, waliotia vyoo na mifereji katika majumba ya mawe tangu karne ya 15, na wazee wetu wa mabomba, waliotanguliza pua na sikio kabla ya kufungua mkoba wa zana, wasingaliiruhusu.

Jambo moja zaidi, kwa hadhari ya masika: chemba zote zikijaa pamoja na karo, na gari la kunyonya likaja, kisha baada ya siku chache maji yakarudi, usimwite mzibuaji, shimo la kunyonyea limeshiba, na ardhi iliyolowa haipokei tena.

Basi fundi akija na nyundo mkononi, mwombe kwanza akuonyeshe chemba.